Gereji ya Wasomaji: Pikapu imeinua nyuma, niishushe ama niinue mbele?

Barua zimekuja nyingi kutoka Nakuru, Kisumu na huko Bungoma na Kakamega, na karibu zote ni za pikapu. Nimeanza na ya mwalimu wa Njoro kwa sababu ndio imebeba mambo mengi, zingine nimezijibu kwa kifupi hapo chini, na kuna moja ya Kisumu ambayo mtu yeyote anayeendesha usiku anafaa kuisoma hata kama gari yake ni Probox.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu, niko Njoro. Nimenunua Hilux Vigo dabo kebini ya 2012 kwa jamaa aliyekuwa anatoa viazi Mau Narok. Injini haina shida, gia hazina shida, shida ni kimo. Nyuma imepanda mbele imeinama, ukiiona kwa mbali ni kama inataka kunusa lami, na watoto wa shule wameshaipatia jina ambalo sitaandika hapa. Mimi sibebi viazi, nabeba familia, shopping ya mwisho wa mwezi na mara moja moja gunia mbili za chakula cha ng'ombe. Nimeuliza mafundi, kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema tutoe majani mawili ya springi nyuma. Wa pili anasema tuzichome na gesi kidogo zikae chini, kazi ya nusu saa. Kijana wangu naye ameona kwa simu watu wanaweka spesa mbele, vile vipande vya kuongeza kimo, na gari inakaa sawa. Nishike ya nani, na nijipange na pesa ngapi?
Mwalimu, Njoro

JIBU: Mwalimu, wacha nianze na huyo wa gesi kwa sababu ndiye anaeza kukuharibia gari leo jioni. Mwambie asante, chukua ufunguo wako, ondoka. Chuma cha springi si kile cha kutengeneza geti, hicho kimepashwa moto kikapozwa kwa mpango huko kiwandani ndio kiwe na ule ugumu wa kupinda na kurudi mahali pake. Ukikipiga moto wa gesi umeua huo ugumu, na ndio sababu gari inashuka haraka hivyo, springi imekufa hapo uliposhika. Miezi michache tu utaona upande mmoja umelala kuliko mwingine, ama jani likatike pale pale palipochomwa, na siku ya kukatika haikupigii simu kwanza. Kuna mafundi wazuri sana wa springi Nakuru, wale wa kukunja upya kwa nyundo na kiolezo, hao ni watu wengine kabisa, usiwachanganye na huyu wa nusu saa.

Sasa kimo chenyewe. Pikapu ikiwa tupu huwa juu nyuma, na walioiunda walitaka hivyo. Springi za nyuma ni majani yaliyopinda, ukipakia yananyooka na nyuma inashuka. Chukua gunia ishirini za viazi za kilo 50, hiyo ni tani nzima (na wote tunajua gunia la kilo 50 likitoka shambani huwa na kilemba juu), ukiipakia hivyo ndio Hilux inakaa sawa, taa zinamulika barabara badala ya miti, na ekseli bado ina nafasi ya kupanda ukiingia shimo kabla igonge ule mpira ulio chini ya chesisi. Kama wangeikata iwe sawa ikiwa tupu, siku ya mzigo ingekaa chini pua ikaangalia juu. Kwa hivyo ukiona Hilux mpya hata haijatolewa plastiki kwa viti na nyuma iko juu kwa inchi mbili hadi tatu hivi, hiyo iko sawa, usiilaumu.

Lakini yako ilikuwa ya viazi na hapo ndio nashuku. Wenye kubeba viazi Mau huwa wanaongeza majani, kwa sababu ile barabara ikinyesha haina huruma na mzigo hawapimi. Kwa hivyo kabla utoe hata shilingi moja, vaa nguo za kazi, chukua tochi, ingia chini gari ikiwa imesimama kwa tairi zake zote nne mahali tambarare, na uangalie hivi.

Angalia majani moja moja kutoka juu hadi chini. Ya kiwanda yanafanana rangi na kutu, yamekatwa miisho kwa mashine, na yanapungua urefu kwa mpangilio. La kuongezwa unalijua, mara nyingi ni nene kuliko wenzake, mwisho wake umekatwa na gesi una meno meno, na bolti ya katikati na zile yubolti nne (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwa ekseli) zinakaa ndefu kuliko kawaida ama ni mpya wakati kila kitu kingine ni kizee. Lakini usichanganyikiwe na lile jani nene lililonyooka huko chini kabisa, hilo gari nyingi hutoka nalo kiwandani, kazi yake inaanza mzigo ukishafika, gari ikiwa tupu halishiki kitu. Angalia pia kama kuna kipande cha chuma kimewekwa kati ya springi na ekseli, hicho ni cha kuinua. Halafu vile vipande viwili vinavyoning'iniza mkia wa springi, shakoli, kama vimebadilishwa vikawekwa virefu hiyo pia inainua nyuma na watu wengi hawaioni. Soma namba za tairi za nyuma na za mbele, kuna mtu huweka kubwa nyuma akaendelea na maisha. Alafu njoo mbele uangalie kama kuna bulbaa, lile fremu la kulinda mbele ya gari. Bulbaa ya chuma ya kuchomelewa inaeza kuwa na uzito wa mtu mzima amekaa juu ya bampa mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, na ukiongezea koili, zile springi za mbele za kuzunguka, za 2012 ambazo hazijawahi kubadilishwa, basi inawezekana kabisa nyuma haijapanda, ni mbele imelala.

Ndio ujue ni gani, pima. Usipime kwa macho. Na usipime kutoka chini hadi madigadi ukalinganisha mbele na nyuma, kwa sababu madigadi ya mbele na ya nyuma hayajakatwa kimo kimoja, utajidanganya. Jaza upepo kama ile karatasi ya kwa mlango inavyosema, toa mzigo wote, sukuma gari mbele na nyuma kidogo itulie, kisha pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, kila kona. Kushoto na kulia zikitofautiana sana, iko springi imechoka ama imevunjika. Kwa kulinganisha mbele na nyuma tumia chuma cha chini ya milango, kile cha kukanyagia, pima mwanzo wake na mwisho wake kutoka sakafuni. Hapo ndio utajua gari imeinama kiasi gani kweli, na mara nyingi utashangaa ni kidogo kuliko ulivyofikiria, maana ile kebini na bodi vinakaa kwa njia ya kudanganya jicho.

Ukikuta majani yameongezwa, fundi wako wa kwanza ana nusu ya ukweli. Toa yale ya kuongezwa peke yake, pande zote mbili sawasawa, na usiguse ya kiwanda. Yale ya kiwanda ndio yanafanya gari ibebe kile kilichoandikwa kwa logbook, ukiyatoa hiyo ni gari ingine, na siku utakapoiuza kwa mtu wa viazi atakulaani. Weka yubolti mpya, zile za zamani zimeshavutika na ni ndefu zaidi ya zinavyohitajika. Bolti za bushi, zile mpira za miisho ya springi, zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini, zikikazwa ikiwa juu ya jeki bushi inajipinda kila siku na inaisha haraka. Na baada ya kilomita mia tano hivi urudi yubolti zikazwe tena, huu ni mstari ambao mafundi wengi wanausahau na hapo ndio bolti ya katikati inakatika na ekseli inaanza kutembea yenyewe.

Ukikuta nyuma ni ya kiwanda kila kitu, acha nyuma. Mtu wa familia anataka gari iwe laini nyuma ndio maana majaribu ya kupunguza springi ni mengi, lakini mzigo unakuja tu, leo ni gunia mbili kesho shemeji anahama kutoka Molo na kitanda cha futi sita. Njoo mbele. Kama koili zimechoka weka mpya mbili kwa pamoja, na kama bulbaa inabaki, uliza zile za uzito wa juu kidogo zinazotengenezewa gari zenye bulbaa. Kwa gari nyingi ambazo nimeona zikinusa lami hii peke yake inatosha, gari inarudi kwa kimo chake na mwenyewe anatulia.

Spesa sasa, ya kijana wako. Si upuzi, zinafanya kazi, lakini kuna hesabu ambayo wauzaji hawaelezi. Kwa Vigo, koili na shoki ya mbele zimekaa kwa mkono wa chini, katikati ya chesisi na tairi, hazijakaa kwa tairi yenyewe. Kwa hivyo spesa ya mili 25 ikiwekwa juu ya shoki haiinui mbele kwa mili 25, inainua karibu mara mbili ya hiyo. Mtu anaagiza ya inchi mbili akidhani atapata inchi mbili, gari inapanda karibu inchi nne, CV jointi za foo bai foo, zile za kupeleka nguvu kwa tairi za mbele, zinakaa zimejikunja hadi mpira wake unapasuka grisi inarukia rimu, mkono wa juu ukishuka unaenda kugusa koili, na boli jointi, ile ya kuunganisha mkono na tairi, inafanya kazi ikiwa imefika mwisho. Kama ni lazima, lenga inchi mbili za kimo kwa tairi, yaani spesa ya karibu inchi moja, na ukipata moja na nusu ukaridhika ni afadhali zaidi. Bakisha nyuma ikiwa juu kidogo hata ukimaliza. Ukisawazisha kabisa ikiwa tupu, gunia mbili tu na watoto nyuma tayari imelala.

Kuna zile spesa za kuwekwa juu ya shoki na kuna za kuwekwa ndani, kubana koili zaidi. Za ndani zinahitaji koili ikandamizwe, na hiyo inataka kifaa chake cha skrubu. Ukiona fundi anafunga koili na waya ama cheni ya ng'ombe, toka hapo na usimame mbali, koili iliyobanwa ikiponyoka inaua mtu na si maneno ya kutishia.

Na kitu cha mwisho ambacho hakuna hata mmoja wa hao watatu amekutajia. Hilux nyingi za miaka hiyo, ukiangalia juu ya ekseli ya nyuma, utaona fimbo nyembamba imetoka kwa ekseli ikaenda kushika kifaa cha breki kwa chesisi. Hiyo inasoma kimo. Nyuma ikishuka inaelewa umepakia, inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Nyuma ikipanda inaelewa gari ni tupu, inapunguza ndio tairi za nyuma zisijifunge. Sasa wewe ukishusha nyuma kwa kutoa springi, hii fimbo inadhani kila siku umebeba viazi, na asubuhi ya mvua ukikanyaga breki gari ikiwa tupu nyuma inafunga tairi na kuanza kukupita kando. Na jamaa aliyeongeza majani alifanya kinyume, breki za nyuma zimekuwa zikilala hata akiwa na tani. Kwa hivyo vyovyote utakavyofanya nyuma, fundi airekebishe hiyo fimbo kulingana na kimo kipya, na msiifunge na waya.

Pesa sikuandikii, bei ya Nakuru na ya Njoro si moja na ya spea mpya na ya kutoka kwa gari iliyovunjwa hazikutani. Ila jua kuna bei ya kitu na bei ya vitu vinavyofuata, ukigusa kimo mbele lazima uende alaimenti, kunyoosha mwelekeo wa tairi, siku hiyo hiyo kabla tairi hazijaanza kuliwa upande, na urekebishe taa, kwa hiyo soma jibu la yule dada wa Kisumu.

SWALI: Mkuu, salamu kutoka Chwele. Niko na Isuzu TFR ya zamani, natoa vitunguu na nyanya kupeleka soko. Fundi alikaza zile bolti mbili za chini mbele na gari ikapanda ikakaa sawa na nyuma bila kununua kitu hata kimoja, nikamlipa ya chai. Nilifurahi kwa muda. Sasa mbele ikitoka kwa shimo inagonga KWA, na tairi zinaisha upande mmoja kama zimepigwa randa. Nimeuziwa mbuzi kwa gunia?
Wa nyanya, Chwele

JIBU: Hujauziwa, umepewa zaidi ya ulichoomba. TFR yako haina koili mbele, iko na vile vyuma virefu vya kujinyonga, tosheni baa, kimoja kila upande, vinaanzia kwa mkono wa mbele vinaenda nyuma chini ya kebini. Isuzu D-Max za kwanza kabla ya 2012 ni hivyo, Nissan Hardbody ni hivyo, na Hilux nyingi za foo bai foo za kabla ya Vigo pia. Zile bolti zinaamua chuma kimenyongwa kiasi gani, ukikaza gari inapanda. Kwa hivyo ndio, ni bure, na ndio maana mafundi wanaipenda.

Shida ni hii. Tairi inahitaji nafasi ya kupanda ikigonga kitu na nafasi ya kushuka ikiingia shimo. Fundi akikaza sana, tairi inakaa tayari imeshuka karibu mwisho, hakuna pa kushuka tena, ukitoka kwa shimo mkono wa juu unagonga kile kimpira chake na hiyo ndio KWA unayosikia. Shoki nazo zinavutwa hadi mwisho kila mara, zitamwaga mafuta. Na tairi zinaliwa kwa sababu mikono ikibadilisha mlalo, mwelekeo wa tairi unabadilika pia, na naona hakuna alaimenti iliyofanywa.

Rudisha chini. Mwambie fundi aweke jeki chini ya chesisi mbele hadi uzito utoke kwa tairi ndio ageuze zile bolti, akizigeuza gari ikiwa imekanyaga atachuna nyuzi na hiyo bolti huitapata kirahisi. Aweke grisi, aweke alama ya rangi mahali zilipo ndio ajue amerudisha kiasi gani, kidogo kidogo, kushoto na kulia, ashushe, asukume gari huko na huku itulie, apime kutoka katikati ya tairi hadi madigadi, arudie. Si lazima bolti mbili zilingane urefu, kinachotakiwa kulingana ni kimo. Angalia pengo kati ya mkono wa juu na kile kimpira cha juu gari ikiwa imesimama, lazima kuwe na nafasi ya kuonekana, ikiwa vidole haviingii bado uko juu sana. Na ikiwa watatoa hivyo vyuma kabisa kwa sababu yoyote, waviandike kushoto na kulia, cha kushoto hakiwekwi kulia.

Kama ukishafika hapo bado nyuma iko juu basi umefika mwisho wa bure, na kwa gari ya nyanya mimi ningeacha hapo.

SWALI: Kaka fundi, mimi niko Kisumu, nina Navara, mume wangu aliiweka spesa mbele ndio isiwe imeinama. Inapendeza sana, sikatai. Lakini kila nikitoka Ahero usiku magari yanayokuja yananipigia fuli, hata malori, na mimi sijawasha fuli. Juzi mmoja alisimama kabisa kunitusi. Taa ni zile zile hazijabadilishwa.
Mama Samaki, Kisumu

JIBU: Dada, hao wa malori wana haki, japo ya matusi hapana. Taa hazijabadilika lakini zinaangalia mahali pengine.

Hesabu yake ni rahisi. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma gari yako ina mita tatu na kitu. Mume wako akiinua mbele sentimita tano peke yake bila nyuma, kila mita tatu mbele mwanga unapanda karibu sentimita tano. Mita thelathini mbele umepanda karibu nusu mita. Mwanga uliokuwa unaanguka kwa lami sasa uko kwa macho ya dereva wa Probox na kwa kioo cha ndani cha aliye mbele yako. Ile barabara ya Ahero usiku ina watu wa baiskeli, boda zisizo na taa, ng'ombe mara nyingine, mtu akipofushwa sekunde mbili hapo ni hatari kwa wote, wewe pia, kwa sababu na lami iliyo karibu nawe sasa huioni vizuri.

Watu wengi hukimbilia kile kidude cha namba kando ya usukani, 0, 1, 2, 3, cha kushusha taa. Kiko kwa gari nyingi na kiliwekwa kwa ajili ya mzigo, ukipakia nyuma inashuka taa zinapanda, unageuza namba zinashuka. Ukikitumia kuficha spesa, siku ya kupakia samaki na barafu utakuwa umemaliza namba. Kiache kwa 0 na taa zenyewe zirekebishwe kwa skrubu zilizo nyuma yake.

Tafuta ukuta na mahali tambarare, mita kumi kutoka ukutani, jioni giza likianza. Upepo wa tairi uwe sawa, mtu akae kiti cha dereva, mzigo utoke. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya tepu ukutani kwa kimo hicho, halafu weka ingine sentimita kumi chini yake. Washa taa za kawaida za kuendeshea usiku, si fuli, ule mstari ambapo mwanga unakatika upande ulio bapa ukae kwa tepu ya chini. Fundi wa umeme wa gari anafanya hii upesi, na sehemu za alaimenti zingine ziko na mashine yake. Fanya hii hata kabla ya kesho usiku.

Na umwambie mzee kwa upole kwamba gari imependeza.

SWALI: Fundi, nilisawazisha pikapu yangu mwaka jana, ikiwa tupu ni tamu kuangalia. Msimu wa mahindi umefika, nimepakia gunia kumi za kilo 90 pua imeangalia mbinguni, usukani mwepesi hadi unaogopesha. Nifanye nini bila kutoa spesa nilizoweka mbele?
Mkulima, Kimilili

JIBU: Kilo mia tisa, na wewe ndani, na yule kijana wa kupakia ndani. Angalia kwanza logbook imeandika uwezo gani, dabo kebini nyingi zinabeba pungufu ya single kebini na abiria wanahesabiwa kwa huo huo uzito, kwa hivyo inawezekana hapa hatuongei springi tena.

Kama uko ndani ya uzito, panga mzigo vizuri. Gunia zianze nyuma ya kebini na uzito mwingi uwe mbele ya ekseli ya nyuma, si kwa mlango wa bodi. Gunia lililo nyuma ya ekseli linainua pua, na usukani mwepesi maana yake tairi za mbele hazijashika barabara, hapo kukata kona na kufunga breki vyote vimepungua. Hilo peke yake litakubadilishia safari.

Pili, ndio umeona gharama ya kusawazisha, ile nafasi uliyoila ndiyo ilikuwa ya hizi gunia. Unaeza kuweka mifuko ya upepo kati ya ekseli na chesisi, unajaza siku ya mzigo unapunguza ukishusha, ni nzuri kwa mtu kama wewe wa msimu. Lakini mifuko haiongezi uwezo wa chesisi wala ekseli wala breki, inasimamisha gari tu, na wengi wakishaona imesimama wanaongeza gunia mbili. Kuongeza jani la springi pia kunafaa, ila ukishaongeza nyuma itapanda ikiwa tupu na tutarudi kwa barua ya kwanza.

Mimi ningetoa spesa.

SWALI: Kuna njia ya kushusha nyuma kidogo bila kufungua bolti hata moja? Na bima wakijua nimeweka spesa watakataa kulipa? Ni swali tu.
Kakamega

JIBU: Bima waandikie barua uwaambie, weka nakala. Ukinyamaza halafu siku ya ajali mtu wao aone spesa, umewapa sababu ya kuvuta vuta.

La kwanza, iko. Mchanga. Gunia mbili tatu za mchanga, kama kilo mia hivi, juu ya ekseli ya nyuma ama mbele yake kidogo. Nyuma inashuka kiasi, inaacha kuruka ruka kwa matuta, na mvua ikinyesha kwa barabara za udongo huko kwenu tairi za nyuma zinashika. Punguza na upepo wa nyuma hadi ule wa gari tupu ulioandikwa kwa mlango, wengi wanatembea na upepo wa mzigo mwaka mzima halafu wanalaumu springi. Ila funga hizo gunia kwa kamba kwenye ndoano za bodi, zikiwa huru na ukafunga breki ghafla zinakuja kwa kebini na zina haraka kuliko wewe.